Mtoto Afike Mkavu

Ng'washi alizaliwa Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi, akasoma mpaka darasa la saba hapohapo, na mpaka anaolewa hakuwahi kulala mahali ambapo honi ya basi haisikiki. Masele alimkuta akiuza uji pale stendi. Akanywa kikombe kimoja, akaongeza cha pili ambacho hakukitaka, akamwambia kwamba kisiwani kwao hakuna vumbi. Hakumdanganya. Kisiwa cha Nyakasenga ni mawe, mchanga na dagaa, na vumbi kweli hakuna. Ila kuna umbali, na huo Masele hakuutaja, maana mtu aliyezaliwa ndani ya umbali hauoni.

Ng'washi aliuona pale binti yao Gladness alipoanza kuumwa.

Mtoto ana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoita. Iligundulika akiwa bado ananyonya, viganja vilipovimba ghafla na kilio chake kikawa si cha njaa wala cha usingizi. Bahati nzuri siku hizo mama yake alikuwa Nyegezi kwa wazazi. Pale, mtoto akishikwa na homa, unamfunga mgongoni unaondoka, na chai haijapoa mezani daktari ameshamwona. Ng'washi alidhani ndivyo ugonjwa unavyouguzwa kila mahali. Aliporudi kwa mumewe na mfuko wa dawa, ndipo alipojua kwamba ugonjwa ni uleule lakini nchi ni nyingine.

Zahanati ya kisiwani ipo, na mganga wake ni mtu mpole, ana dawa za malaria na za kuhara. Lakini vidonge vya Gladness vya kila siku na vipimo vya damu yake viko mjini. Kila siku ya kliniki Ng'washi hupanda mtumbwi wa mashine alfajiri kwenda Kirumba, na kutoka hapo anatafuta usafiri wa kufika hospitali. Sasa mtoto wa sikoseli adui yake mkubwa ni baridi. Na mtumbwi wa mashine ukikata wimbi, maji yanaruka na kumwagika juu ya abiria kama umewamwagia kwa ndoo. Ng'washi alijaribu kanga, akajaribu blanketi, akajaribu hata kumweka mtoto ndani ya gunia jipya la dagaa. Bado Gladness alifika kliniki amelowa chapachapa, midomo imepauka, na mara nyingi kesho yake mifupa ndiyo inaanza kumuuma. Alikwenda kliniki mzima, akarudi mgonjwa.

Ng'washi si mtu wa maneno mengi. Ni wale wanaokaa mwisho wa benchi, wanasikiliza, wanaangalia nani amevaa nini na nani amenyamaza kwa sababu gani. Siku moja muuguzi wa kliniki, Sista Dorcas, alimshika Gladness begani akashtuka.

"Mama Gladness! Mbona umemwogesha mtoto na nguo zake?"

"Si mimi, Sista. Ni ziwa."

"Ziwa?"

"Kila tukija ndivyo. Leo ana afadhali, kuna siku alikuja anadondoka matone."

Sista Dorcas akamvua mtoto sweta, likamwaga maji sakafuni. Akayaangalia yale maji. "Na wenzako wa huko? Mbona siwaoni?"

Hapo Ng'washi akajikuta anaongea kuliko alivyopata kuongea mbele ya mtu mwenye sare. Akamweleza kuhusu mjukuu wa Bibi Dorotea, wa mwalo wa pili, ufuko mwingine wa wavuvi, aliyeacha kliniki baada ya kulowa hivyohivyo na kulazwa. Akamweleza kuhusu mapacha wa upande wa machweo, na watoto wa vile visiwa vidogo vya jirani, ambao wazazi wao hawakatai hospitali ila wanaogopa njia. "Wanasema bora augulie mkavu nyumbani, Sista. Na mimi siwezi kuwabishia, maana naona."

Sista Dorcas alimshika mkono akampeleka kwa Daktari Pius. Daktari alikuwa na miwani juu ya paji la uso na alikuwa anaitafuta miwani hiyo mezani. Akasikiliza yote huku anatafuta.

"Tunayo kliniki ya mkoba," akasema. "Tunafunga dawa na vipimo kwenye masanduku, tunawafuata watu waliko. Boti huwa tunaazima. Naweza kuja Nyakasenga mara moja, nione. Nikikuta watoto, nitakuwa nakuja kila mwezi. Nikikuta ndege yangeyange tu ufukweni, mama, boti hiyo itakwenda kwa wengine, maana wanaoiomba ni wengi. Sasa niambie, watu wenu wana nafasi siku gani?"

"Mbalamwezi," Ng'washi akajibu hapohapo.

Daktari aliikuta miwani yake. "Mbalamwezi ni siku gani kwenye kalenda?"

Ikabidi aelezwe. Dagaa hufuata taa za wavuvi gizani. Siku za giza, kisiwa kizima hakilali. Mitumbwi inaingia alfajiri, na kuanzia hapo kila mwanamke yuko kwenye mchanga anaanika, anageuza, anaangalia wingu. Wakati huo hata ukiita watu waje kugawiwa ng'ombe hawatakuja. Lakini mwezi ukijaa, taa hazina kazi, dagaa hawaji, na watu wanapumzika. Daktari Pius akacheka, akatafuta mwezi mpevu kwenye simu yake, akachagua siku.

Ng'washi alirudi kisiwani amelowa na hakuisikia baridi. Alipanda juu ya jiwe kubwa ambako simu hushika mtandao, akapiga kwa kila mwalo aliokuwa na namba ya mtu. Akamwambia katekista atangaze, akamwambia mchungaji atangaze, akawaambia wanunuzi wa dagaa wafikishe habari visiwani. Gladness naye alimwambia kila aliyepita njiani: "Daktari anakuja kwetu. Anakuja na boti. Atalala kwetu." Hilo la kulala alilitunga mwenyewe.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Ng'washi alishuka ufukweni asubuhi kuosha vyombo. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa nchi kavu, mingine imepinduliwa inazibwa nyufa kwa pamba na lami. Akaiangalia. Akaiangalia tena. Kuna kitu hakikuwepo.

"Masele!" akaita. Mumewe alikuwa ameketi anashona wavu. "Mashine ziko wapi?"

"Mashine gani?"

"Za mitumbwi. Mbona yote haina mashine?"

"Si mbalamwezi?" Masele akamshangaa. "Ziko Kirumba kwa fundi. Kila mbalamwezi mashine zinakwenda kwa fundi. Kwani wewe umekuja kisiwa hiki jana?"

"Na za mialo mingine?"

"Zote, mama. Tunazipeleka pamoja."

Ng'washi akakaa kwenye mchanga na sufuria mapajani. Mtoto aliyezaliwa Nyakasenga angelijua jambo hilo kabla hajaota meno. Yeye, mtu wa stendi, aliijua mbalamwezi kwa upande wa wanawake tu, upande wa mikono kupumzika. Upande wa wanaume hakuwahi kuuangalia. Na sasa amewaita watoto wagonjwa kutoka kila upande wa kisiwa, na kutoka visiwa vya jirani, siku ambayo hakuna cha kuwaleta. Kwa miguu ni mawe na kilima. Mjukuu wa Bibi Dorotea akipanda kidogo tu miguu inakataa.

Akakimbia kwenye jiwe la simu.

"Kuahirisha haiwezekani," sauti ya Sista Dorcas ilikuja ikikatika. "Boti imeshapangwa. Tukiiachia, sijui tutaipata tena lini."

"Je, boti yenu ikizunguka kuwachukua?"

"Mafuta tuliyopewa ni ya kwenda na kurudi tu. Na nahodha anataka kuondoka kabla ya upepo wa mchana. Mama Gladness, kuna tatizo?"

"Hakuna, Sista," Ng'washi akasema. "Njooni."

Akashuka kwenye lile jiwe, hajui atafanya nini. Pale ufukweni, chini ya kibanda cha nyavu, wanaume walikuwa wanacheza drafti na kelele zilikuwa zilezile za kila mbalamwezi. Aliyezidi wote alikuwa Ngosha, mvuvi mwenye mabega kama mlango, aliyewahi kushika nafasi ya pili katika mashindano ya mitumbwi ya kasia mjini, na tangu siku hiyo hajapumzisha watu.

"Nilimwacha mtu wa Ukerewe pale kwenye boya," Ngosha alikuwa anasimulia. "Nikamwambia, mjomba, baki salama."

"Na aliyekuacha wewe alikuambia nini?" mmoja akamuuliza.

"Nafasi ya pili hiyo utazeeka nayo, Ngosha," mwingine akadakia.

"Nipeni mashindano mengine leo! Leo hii! Kasia ninayo, mikono ninayo!"

Ng'washi akasimama. Akaangalia zile kasia zilizoegemezwa kibandani, akaangalia ile mikono isiyo na kazi, akaliangalia ziwa la asubuhi lililotulia kama uji uliopoa. Mtumbwi wa mashine unalowesha watu kwa sababu ya haraka yake. Wa kasia je? Akaokota sufuria na mwiko katika vyombo vyake, akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na yule mwanamke ambaye hakuna aliyepata kumsikia akipaza sauti, akapiga sufuria kwa mwiko.

"Mashindano yapo!"

Drafti ikasimama.

"Keshokutwa. Mitumbwi ya kasia. Mnaondoka na mwanga wa mwezi, kila mtumbwi unakwenda kwenye mwalo wake au kisiwa chake, unachukua watoto wa kliniki na mama zao, mnarudi hapa. Zawadi ni jogoo wangu mwekundu."

"Jogoo yule ni wangu," Masele akasema kwa nyuma.

"Alikuwa wako."

Watu wakaangua kicheko. Ngosha ameshasimama, anakunja mikono ya shati. "Wa kwanza kufika ndiye mshindi?"

"Hapana. Mtoto afike mkavu. Ambaye watoto wake ni wakavu kuliko wote, huyo ndiye mshindi. Nitawapapasa mwenyewe, sweta mpaka soksi."

"Mashindano gani hayo ya ukavu?" Ngosha akanywea. "Hayo si mashindano, huko ni kuanua nguo."

"Basi wewe baki. Tutasema Ngosha aliogopa."

"Nani kaogopa?"

"Na mtu mzima akilowa?" akauliza Mzee Nestory, mvuvi wa makamo ambaye watu walimcheka kwa kupiga kasia taratibu kama anakoroga chai.

"Mtu mzima atakauka mwenyewe, mzee wangu. Mtoto ndiye hatakiwi baridi."

Ngosha akamwangalia Gladness, aliyekuwa amesimama kando ya mtumbwi akimshangaa mama yake. Kila mtu pale alikuwa amewahi kumsikia mtoto yule akiililia mifupa yake. Ngosha akakuna kichwa. "Haya," akasema kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti yake ya kawaida: "Lakini nitakuwa mkavu na wa kwanza! Vyote viwili! Andaeni jogoo!"

Kesho yake mwalo mzima ulikuwa kama una harusi. Wanawake walitoa maturubai ya kufunikia dagaa mvua inaponyesha, wakayaosha mpaka harufu ikapungua. Wakaazimana mablanketi. Wanaume walibishana nani anapiga kasia mbele na nani nyuma. Usiku Ng'washi hakupata usingizi, na Gladness naye akawa anauliza kila mara kama daktari ameshafika.

Boti ya kliniki iliwasili jua likiwa limepanda kidogo, kabla ya mtumbwi hata mmoja kurudi. Daktari Pius akaruka majini na viatu mkononi. Sista Dorcas akashusha masanduku. Walikuwepo Ng'washi, Gladness, akina mama wachache wa pale na watoto wao, na yangeyange wamejipanga kwenye mchanga, weupe, kama wao ndio wenye kliniki.

Daktari akawatazama wale ndege, akamtazama Ng'washi.

"Wanakuja," Ng'washi akasema.

"Wako njiani?"

"Wako njiani, Daktari."

Wakapanga meza. Wakampima Gladness, wakamaliza. Wakawapima wengine wachache, wakamaliza. Nahodha akatazama mawingu, akamnong'oneza daktari jambo. Daktari akaangalia saa. Ng'washi alisimama pembeni ya maji akiitazama rasi ya mawe mitumbwi itakakotokea, mpaka macho yakamuuma. Kama mtu mmoja ameteleza! Kama wameogopa! Kama mama wa mapacha amebadili nia!

Kwanza ulikuja wimbo. Ni ule wa kuvutia nyavu, mmoja anaita, wengine wanaitikia, na ulikuja juu ya maji kabla mtu hajaonekana. Kisha ncha ya mtumbwi ikachomoza nyuma ya mawe, na nyingine, na nyingine.

"Hao!" Gladness akapiga kelele. "Mama, hao!"

Mbele alikuwa Ngosha, amesimama, kasia inazama na kutoka bila kishindo, uso umekunjamana kwa kujizuia. Katikati ya mtumbwi wake kulikuwa na furushi kubwa la turubai lenye vichwa vya watoto. Nyuma yake mtumbwi wa visiwani ulikuwa unamkaribia. Ngosha akageuka akauona. Watu wote ufukweni waliona jinsi anavyoteseka.

"Usiongeze, Ngosha!" Ng'washi akamwita.

"Kaza!" Daktari Pius akapiga kelele. Alikuwa ameingia majini mpaka magotini na suruali yake. "Kaza, bwana, anakupita!"

"Daktari!" Sista Dorcas akamvuta shati. "Watalowa!"

"Usikaze!" daktari akageuza. "Taratibu! Taratibu, lakini anakupita!"

Ngosha hakuweza kujizuia. Mita chache kabla ya mchanga mikono yake ikamshinda, akapiga kasia mbili za nguvu, maji yakaruka, na mtumbwi wake ukagusa nchi wa kwanza katika kelele na vigelegele vilivyowarusha yangeyange wote angani.

Mtumbwi wa Mzee Nestory ulikuwa wa mwisho, na sauti iliyosikika zaidi ndani yake haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya Bibi Dorotea, mwenye mjukuu wake kifuani.

"Polepole! Mmebeba mtoto nyie, hamkubeba mihogo! Wewe wa nyuma, kasia yako inadondosha, nakuona!"

"Shikamoo, bibi," Ng'washi akampokea.

"Marahaba, mwanangu. Nishikie huyu. Mguse, mguse mwenyewe."

Ng'washi akamgusa. Sweta kavu. Kofia kavu. Akavua kiatu, akaingiza kidole ndani ya soksi. Kavu, na ina joto, kama imetoka juani. Akaenda kwa watoto wa Ngosha, mapacha wa machweo. Sweta kavu, suruali kavu. Soksi moja ya pacha mdogo ilikuwa na unyevu upande wa vidole.

"Jasho hilo," Ngosha akasema.

"La mguu mmoja?"

Mwalo mzima ukavunjika mbavu. Jogoo akakabidhiwa Mzee Nestory, aliyempokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana," kwa watu wote hata ambao hawakumpa kitu. Sista Dorcas alikuwa ameshamvua pacha ile soksi na kumvisha ya kwake mwenyewe, ikamfika pajani.

Kliniki ikaanza kweli sasa. Watoto walikaa kwenye mikeka, wakavu, wanakunywa uji wa Ng'washi wakisubiri kuitwa. Walichomwa vidole, wakapimwa wengu, wakapewa vidonge. Walipimwa hata wadogo zao waliokuja kutazama tu, na mama mmoja wa visiwani, aliyedhani mwanawe amerogwa, aliondoka na jina la ugonjwa na dawa yake, analia na kucheka kwa pamoja. Ng'washi alizunguka na birika, hajui akae wapi kwa furaha. Kila alipopita aliangalia midomo ya watoto. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatetemeka. Hakuwahi kuona kliniki ya namna hiyo, hata Nyegezi.

Nahodha alipoanza kupiga honi kwa ajili ya upepo, Daktari Pius alikuja na suruali yake iliyolowa, miwani kwenye paji la uso.

"Mama Gladness, mwezi ujao tunakuja," akasema. "Na unaofuata. Nitawaambia mjini wanipangie kalenda kwa mwezi wa angani. Watanicheka, wacha wacheke. Ila mashine zikiwepo msizitumie."

Ng'washi alitaka kushukuru vizuri, kwa maneno ya mtu mzima. Akashindwa, akamjazia daktari mfuko wa dagaa wa kukaanga.

Boti ilipoondoka, ikabaki kazi ya kuwarudisha watoto kwao kabla ziwa halijachafuka. Mitumbwi ikasukumwa majini. Kila mmoja akapanda, isipokuwa Bibi Dorotea, aliyeketi juu ya mchanga na mjukuu mapajani kama mtu aliyekuja kuhamia.

"Panda, bibi," Ngosha akamsihi. "Mzee Nestory anakungoja. Usiogope, safari hii hakuna mashindano."

"Hakuna?"

"Hakuna, bibi. Tunakwenda tu."

"Basi sipandi. Bila mashindano mtanilowesha mtoto." Akamgeukia Ng'washi. "Mwanangu, weka zawadi."

Watu wote mitumbwini wakamtazama Ng'washi, kasia mikononi. Ng'washi akamtazama Masele. Masele akaelewa, akashika kichwa.

"Tetea mweusi!" Ng'washi akapaza sauti. "Na vifaranga vyake!"

Bibi Dorotea akanyanyuka, akampa mtoto Mzee Nestory, akapanda. Na mitumbwi ikaondoka Nyakasenga kwa pamoja, taratibu, taratibu sana, kila mtu akimwangalia jirani yake kama kasia yake inadondosha.